Manukato ya kupima ya Kariakoo: harufu safi, spiriti ya mashaka

Kwa harufu, manukato ya kupima ya Kariakoo hayana deni. Mafuta mengi yanaigiza chapa za Ufaransa kwa ukaribu wa kushangaza, unachukua ujazo unaoutaka, na bei ni sehemu ndogo tu ya ile ya chupa halisi. Kasoro yake iko kwenye mambo ambayo pua haiwezi kuyajua.

Angalia yanavyochanganywa. Muuzaji anavuta mafuta kwa bomba la sindano, tuseme mililita 6, anayatia kwenye chupa ya mililita 30, kisha anajaza spiriti kutoka kwenye dumu. Hapo mafuta ni asilimia 20, kiwango cha kawaida cha manukato mazito. Mteja akisema "niongezee mafuta yakae sana", yanafika mililita 12, yaani asilimia 40, na kila kemikali inayoamsha mzio imeongezeka mara mbili. Wanaotaka harufu ya kudumu ndio wanaojiumiza zaidi.

Dumu nalo lina mambo. Spiriti inayofaa ni ethanoli safi ya asilimia 95 au 96. Ikichakachuliwa kwa methanoli huwezi kugundua kwa kunusa, na methanoli hupenya ngozini, huingia pia kwa pumzi, na sumu yake hushambulia mishipa ya macho. Omba uone lebo ya dumu. Isipokuwepo, usinunue mchanganyiko. Chukua mafuta matupu na uyapake kwenye pindo la ndani la nguo, maana yakiwa hayajazimuliwa ni makali kwa ngozi na huacha doa kwenye kitambaa cheupe.

Jambo linalokera zaidi ni kukosekana kwa orodha ya viungo. Ulaya ilipiga marufuku Lilial katika vipodozi tangu Machi 1, 2022, kwa kuwa inahofiwa kudhuru uzazi, na Lyral ilitoka sokoni huko mwaka 2021 kwa sababu ya mzio. Zote mbili zilikuwa viungo vya kawaida vya harufu ya maua. Kwenye chupa ya kupima huwezi kujua kama zimo. Kuhusu thaleti, kundi la kemikali linalojumuisha viyeyushi vya manukato, DBP na DEHP ni miongoni mwa zilizopigwa marufuku huko. DEP, inayotumika sana kwenye manukato, haimo katika marufuku hiyo, kwa hiyo si kila thaleti ni ya kuogopwa sawasawa.

Wala usitulizwe na neno "asilia". Eujenoli ya karafuu na sinamali ya mdalasini zinajulikana vizuri kwa kuleta mzio. Mafuta ya bergamoti yasiyoondolewa bergapteni, kemikali inayoamshwa na jua, huunguza ngozi juani: ukijipaka shingoni na kutoka mchana, hubaki michirizi ya kahawia kufuata pale yalipotiririka, na inaweza kukaa miezi. Kwa jua letu, manukato yenye harufu ya machungwa na ndimu ni ya nguo, au ya jioni.

Kabla ya kununua chupa kubwa, chukua mililita 5. Paka tone moja upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku 7, mahali palepale. Usihukumu siku ya kwanza, kwani mzio wa ngozi mara nyingi hujitokeza baada ya siku mbili au tatu. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakitoa vipele, osha kwa maji na sabuni na uache kabisa; mwili ukishaitambua kemikali kama adui, hausahau.

Chagua chupa ya kioo cheusi na uimalize mapema. Limonini na linaloli, kemikali za kawaida za harufu, zikikutana na hewa hugeuka kuwa vichochezi vikali vya mzio kuliko zilivyokuwa mwanzo, na chupa nusu tupu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari huharakisha hilo.

Mwenye pumu asinunue ya kupuliza, hata ya dukani yenye lebo kamili. Ukungu wake huenda moja kwa moja kwenye njia ya hewa, hasa ndani ya daladala iliyofungwa madirisha.