Televisheni ya Kuchezea PS5, Xbox na Switch: Ipi Inunuliwe Kwanza, na Ifungweje

Mnunuzi anayeingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta televisheni ya gemu huonyeshwa kwanza ukubwa wa kioo, kisha maandishi ya 4K (picha yenye nukta 3840 kwa 2160), kisha programu zilizomo ndani. Mambo hayo humfaa mtazamaji wa filamu na tamthilia. Mchezaji ana swali linalotangulia yote: nikibonyeza kitufe cha pedi, mtu wangu kwenye kioo anaitikia baada ya muda gani? Televisheni inayoonyesha mechi ya ligi kwa uzuri wa kupendeza inaweza kuchelewesha amri ya pedi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa sababu mitambo yake huisubirisha kila picha ili kuisafisha na kuilainisha kabla ya kuionyesha. Katika eFootball au EA Sports FC, hapo ndipo beki anapotia mguu wakati mpira umekwishapita. Kwa hiyo katika kupanga nafasi nimetazama kwanza wepesi wa kuitikia, kisha kasi halisi ya kioo, kisha uimara wa picha kwa mtu anayecheza saa nyingi. Ukubwa nimeuweka mwisho.

Ni lazima pia kujua konsoli uliyonayo inatoa nini. PS4 ya kawaida na Switch ya kwanza hutoa picha ya 1080p (mistari 1080 ya nukta) isiyozidi fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, na PS4 Pro hufika 4K kwa kasi hiyohiyo. PS5 na Xbox Series X, zilizotoka Novemba 2020, zinaweza kutoa 4K kwa fremu 120, ingawa michezo inayofika huko ni michache kuliko inayoishia 60. Switch 2 ya mwaka 2025, ikiwa kwenye kituo chake kinachoiunganisha na televisheni, hutoa 4K kwa fremu 60 au 1440p kwa fremu 120. Mwenye PS4 asiye na mpango wa kuibadilisha hana sababu ya kulipia kioo cha Hz 120, yaani kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde.

Nafasi ya kwanza naipa televisheni ya LED yenye kioo cha Hz 120 halisi, inchi 55, na ikiwezekana iwe ya aina ya mini-LED, ambayo taa zake za nyuma zimegawanywa katika maeneo mengi yanayowaka na kuzimika kila moja kwa wakati wake. Aina hii inang'aa vya kutosha sebule yenye madirisha mapana na jua la saa nane mchana, inaitikia pedi upesi ikiwekwa katika hali ya gemu (Game Mode, inayopunguza usafishaji wa picha), na haina hofu ya kubaki na alama za kudumu kwenye kioo. Hisense katika mfululizo wa U7 na TCL katika mfululizo wa C8 zimeleta sifa hizi kwa bei iliyo chini ya OLED, na ndizo ningeanza nazo. Tahadhari moja ni kubwa: ndani ya mfululizo mmoja, inchi 43 au 50 inaweza kuwa na kioo cha Hz 60 wakati inchi 55 ina cha Hz 120. Usinunue kwa jina la mfululizo. Soma namba kamili ya modeli kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni, kisha uitafute katika tovuti ya mtengenezaji ukiwa palepale dukani.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa, na inaniuma kuona mtu akitoa fedha ya miezi kadhaa kwa namba isiyo na maana. Maandishi ya 120 au 200 kwenye boksi, yakiwa yameambatana na maneno ya kusifia mwendo wa picha, mara nyingi huelezea ufundi wa programu ndani ya kioo cha Hz 60. Zipo pia televisheni za Hz 60 zinazopokea mawimbi ya 120 kwa kupunguza mistari ya picha, na hizo nazo huuzwa kama za 120. Namba ya kuaminiwa ni ile inayohusu kioo chenyewe, ikisindikizwa na angalau tundu moja la HDMI 2.1 (toleo la kasi zaidi la tundu la kuunganishia konsoli) lililoandikwa 4K 120Hz. Ukiweza, omba muuzaji akuunganishie PS5: katika mipangilio, sehemu ya skrini na video, kuna ukurasa wa taarifa za kutoa video, nao huorodhesha yale ambayo televisheni iliyounganishwa inayakubali. Ikiwa 3840 x 2160 kwa 120Hz haimo kwenye orodha, muulize kwanza kama ametumia tundu sahihi na kama tundu hilo limefunguliwa katika mipangilio ya televisheni. Akishindwa kuionyesha baada ya hapo, tafuta duka jingine.

Jambo jingine la kuulizia ni VRR, yaani uwezo wa kioo kufuata kasi ya konsoli inapopanda na kushuka, ili picha isikatike katikati wala kushtuka. PS5 iliupata kwa sasisho la Aprili 2022, na hufanya kazi kupitia HDMI 2.1 pekee, kati ya Hz 48 na 120. Xbox haina masharti makali kiasi hicho. Switch 2 haiutoi ikiwa imeunganishwa na televisheni.

Nafasi ya pili ni OLED, na kwa picha peke yake ingekuwa ya kwanza bila ubishi. Kila nukta ya kioo hujiwashia na kujizimia taa yake, hivyo weusi wake ni weusi kweli, na nukta hubadilika upesi kiasi kwamba mpira uliopigwa kwa nguvu hauachi mkia nyuma yake. LG katika mfululizo wa C, kuanzia C9 ya mwaka 2019, imeweka matundu manne ya HDMI 2.1, jambo adimu hata leo. Nimeishusha kwa sababu inayotuhusu sana: mchezo wetu mkuu ni mpira, na mpira una ubao wa matokeo unaokaa pembeni pale pale, na ramani ndogo chini ya uwanja, kwa saa nyingi mfululizo. Picha isiyohama inaweza kuchosha nukta za OLED na kuacha kivuli cha kudumu. Kwa mtu anayecheza jioni nyumbani, michezo tofauti, chumba kikiwa na mwanga mdogo, hatari hiyo ni ndogo na OLED itamfurahisha. Kwa kibanda cha gemu kinachofunguliwa asubuhi na kufungwa usiku, nasema wazi kwamba asinunue.

Ya tatu ni 4K ya kawaida ya Hz 60 yenye hali ya gemu, ambayo ndiyo chaguo sahihi kwa PS4, Xbox Series S ya bajeti ndogo na vibanda vingi vya gemu. Ya nne ni monita ya kompyuta ya inchi 27, hasa ya 1440p: ni nyepesi kuitikia na inafaa chumba kidogo cha mwanafunzi, na PS5 inaikubali 1440p tangu Septemba 2022, lakini haifai watu wanne kwenye kochi moja, na nyingi zina spika dhaifu au hazina kabisa.

Mwisho kabisa ni za mtumba na zile zisizo na jina linalojulikana. Ukipata ya mtumba, iwashe kwa rangi moja ya kijivu ukague madoa. Ukitumiwa na ndugu aliye Marekani, soma kwanza kibandiko cha umeme: nyingi za huko ni za volti 120 tu, na umeme wetu wa 230 utaiunguza siku ya kwanza.

Baada ya kununua, kazi iliyobaki ni ya nusu saa, nayo ina uzito sawa na ununuzi wenyewe. Tumia waya wa HDMI uliokuja na PS5, kwa kuwa waya mwingine, hasa mrefu, unaweza kushindwa kubeba 4K kwa fremu 120. Katika televisheni nyingi matundu ya HDMI 2.1 ni mawili tu, na moja kati yake ndilo la saundibaa. Chomeka konsoli katika lile jingine, na king'amuzi ukiweke katika tundu la kawaida. Kisha fungua mipangilio ya tundu hilo na uruhusu mawimbi kamili, kwa sababu watengenezaji wengi huyaacha yamefungwa. Washa Game Mode, zima ulainishaji wa mwendo na uokoaji wa umeme, na hakikisha picha haikatwi kingo: ukiona dakika za mchezo zimekatwa juu ya kioo, badilisha ukubwa wa picha kuwa kamili.

HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, ipimwe kwa macho. Konsoli ina ukurasa wa kuirekebisha, ambapo unapunguza alama hadi ikaribie kupotea. Kwenye televisheni ya bei ndogo isiyong'aa, HDR huifanya picha ififie, na ni afadhali kuizima.

Inchi 55 inafaa mchezaji aketi mita moja na nusu hadi mbili, kioo kikiwa usawa wa macho na si juu ya ukuta karibu na dari. Acha nafasi nyuma ya konsoli ipumue. Televisheni na konsoli vyote vipitie kifaa cha kulinda umeme kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, na ukiweza ongeza UPS ndogo (betri inayoshikilia umeme ukikatika) kwa ajili ya konsoli, maana umeme ukikatika wakati inahifadhi mchezo, data inaweza kuharibika.