Fundi wa chokaa Zanzibar: mwenye nyumba ya zamani kule, muite huyu mapema

Bandugu ba Goma mulioniuliza ni fundi gani alitengeneza ile nyumba ya bashemeji kule Unguja, jibu njo hii. Nyumba ni ya bibi ya mke wangu, iko Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe, ukuta munene, byumba byembamba byembamba juu boriti ya mkoko haifikagi mbali, chumba kinafuata boriti.

Tulianza vibaya. Fundi wa kwanza (si yeye ninamusifu hapa) alipaka sima chumba chote cha chini, na mimi njo nilikubali, juu kwetu tunajengaga na mawe ya volkano na sima na inashika, nikafikiri jiwe ni jiwe tu. Masika ya kwanza plasta ikafura sawa mandazi, ukigonga unasikia ndani iko tupu, na kila asubuhi chini ya ukuta kuko unga mweupe, chumvi ile, bibi anafagia, kesho iko tena. Boriti mbili zikaoza pale zinaingia kwa ukuta. Iliniuma sana.

Njo tukaita muzee mumoja fundi wa chokaa. Siku ya kwanza hakushika ata chombo kimoja, aliweka kiganja kwa ukuta chumba kwa chumba, akakwaruza na ukucha, akasema: “Nyumba hii mmeiziba pumzi.” Matumbawe yananyonya maji toka chini, chokaa inayaacha yatoke pole pole, sima inayafungia ndani, sasa yanapanda mpaka kwa boriti.

Alibandua sima yote na patasi, taratibu kabisa, ukipiga na nguvu jiwe nalo linakuja. Akaacha ukuta wazi ukauke wiki mingi. Chokaa ilikuwa imelala ndani ya shimo chini ya maji, akiitoa ni laini sawa siagi, anapaka tabaka nyembamba, anangoja ishike, ananyunyizia maji, juu chokaa haipendi kukauka haraka, kisha ingine. Boriti mpya aliweka za mkoko, hakuleta mbao ya dukani.

Kasoro ni muda: alisema miezi 3, ikakuwa 7. Na ruhusa nayo muitafute mapema, ule mji uko kwa Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, hauwezi kubadilisha mlango ao dirisha vile unataka. Malipo tulitoa kwa hatua, vile ni muzuri.

Kuko batu banasema chokaa ni kupoteza wakati, lakini nyumba za zamani si za kuchezea. Beit el-Ajaib, lile jumba kubwa la sultani pale Mji Mkongwe, la 1883, upande wake mumoja ulianguka 12/2020 wakati wanaitengeneza, batu 2 bakafa. Hizi nyumba zinataka mutu anazijua, usitafute bei ya chini.

Namupa nyota zote 5. Masika ya huu mwaka nilikuwa pale, nikaweka kiganja vile yeye alifanyaka, ukuta baridi lakini mukavu, na bibi amerudisha kitanda yake pale pale.