Skana haikusoma, mita ikasoma: uzoefu wangu na Altezza ya 1999

Nimetumia laki mbili na ushee kwa tatizo ambalo dawa yake ilikuwa sentimita kumi za waya. Gari ni Toyota Altezza RS200, ile ya injini ya 3S-GE yenye VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) mbili na gia sita za mkono. Ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. Leo zimebaki ngapi sijui, na sina haraka ya kujua.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Asubuhi linawaka mara moja tu. Likishapata moto, ukilizima sheli kwa dakika kumi, kuwasha tena ni mateso: stata inazunguka weee, harufu ya petroli inajaa, na likikubali linatoa moshi mweusi na kumisi mpaka ufike barabara kubwa. Taa ya cheki injini leo inawaka, kesho imezimika yenyewe. Plagi nilizitoa zina masizi kama sufuria la kuni.

Nilianza na kifaa kinachosifiwa na kila mtu, adapta ya ELM327 ya Bluetooth, ile ya kusomea hitilafu za gari kwa simu, 25,000 Kariakoo. Ikawasha kitaa chake, ikaungana na simu, halafu programu ikagoma: haiwezi kuongea na gari. Nikajaribu programu tatu. Nikadhani nimeuziwa bovu, nikaichomeka kwenye gari la shemeji ambalo ni la juzijuzi, ikasoma kila kitu. Kumbe soketi ya Altezza ina umbo lilelile la matundu 16, ila gari lenyewe lilitengenezwa kwa soko la Japani. Kule Marekani ndiko OBD2, lugha ya pamoja ya kompyuta za magari ambayo adapta hizi zinaielewa, ilikuwa lazima kuanzia magari ya 1996. Tundu linafanana, lugha siyo ile. Kwa hiyo adapta siilaumu, nilinunua bila kuuliza.

Gereji ya kwanza walibadilisha sensa ya joto la maji, baada ya wiki wakabadilisha tena wakisema ile mpya ilikuwa feki. Gereji ya pili walichomeka kompyuta kubwa, nayo haikusoma, wakahitimisha kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa nikatafute yusidi. Hapo ndipo nilipokwenda kwa fundi umeme mmoja Ilala, mtu mzima, benchi lake liko chini ya mwembe.

Yeye alinyoosha klipu ya karatasi, akaikunja, akaiingiza kwenye soketi ileile ya matundu 16, tundu namba 4 na namba 13 (kwa Toyota ni CG na TC), kisha akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ikaanza kukonyeza: mbili, ikapumzika kidogo, mbili. Kodi 22, yaani namba ya hitilafu. "Hesabu mwenyewe kaka, usije ukasema nimekudanganya." Ukijaribu hili, shika tochi na uhesabu matundu mara mbili, maana namba 16 ina umeme wa betri muda wote. Klipu ikiunganisha 16 na 4, utaungua vidole kabla hujajua kilichotokea.

22 ni saketi ya sensa ya joto la maji. Saketi, yaani sensa, soketi, waya na hata kontroli boksi. Sisi wote tuliishia kusoma neno sensa.

Akanituma nikanunue mita ya kupimia umeme, 30,000. Sensa ya kwanza kabisa, ya kiwandani, nilikuwa bado ninayo kwenye droo. Kwa joto la Dar ilisoma kilo-omu 1.8 za ukinzani, yaani kiasi inavyozuia umeme. Tukaitumbukiza kwenye maji ya moto ya mama ntilie, ikashuka mpaka chini ya omu 300. Nzima kabisa! Sensa hii ndivyo inavyofanya kazi, joto likipanda ukinzani unashuka.

Kisha nikapima volti kwenye soketi ya sensa ikiwa imechomolewa, swichi imefunguliwa: 4.9. Nikafurahi, waya uko sawa. Fundi akacheka. Mita haivuti umeme wa maana, akasema, hata ubaki unywele mmoja wa shaba itakuonyesha volti zote. Akatoa betri, akachomoa soketi ya kontroli boksi, akachomeka pini za cherehani kwa nyuma kwa sababu ncha za mita yangu ni nene mno, akapima waya mwisho hadi mwisho: omu 0.5. Mimi nikashikilia ncha, yeye akaanza kulikunja fungu la waya polepole kutoka kwenye sensa. Alipofika kwenye bano la chuma nyuma ya injini namba zikaruka: 40, 900, kilo-omu 4, halafu OL, yaani waya umekatika. Akiachia, 0.5.

Chini ya tepu nyeusi kulikuwa na maungio ya mkono, shaba imegeuka kijani. Moto ukipanda yanalegea, ukinzani unaongezeka, kontroli boksi inadhani injini imepoa na kumwaga petroli. Yakiachana kabisa ndipo taa inawaka, na hapo kompyuta haiiamini tena sensa, inajishikia digrii 80 za kukadiria. Ndiyo maana siku taa ikiwaka gari liliwaka vizuri kuliko siku imezimika! Miezi minne nilikuwa naliona hilo na kulipuuza.

Kakata, kaunga waya mpya kwa solda na mpira wa kusinyaa, kalihamisha fungu mbali na lile bano, kachomoa fyuzi ya EFI kufuta kodi. Kazi 40,000. Wiki ya sita sasa, sheli nazima na kuwasha bila kushika roho.

Mita ina kasoro zake: waya ngumu, skrini haina taa, na ukiisahau bila kuzima inamaliza betri. Bado ningeinunua kabla ya skana yoyote kwa gari la umri huu. Adapta kachukua shemeji. Sensa moja ninayo ya ziada, imekaa kwenye gari wiki moja tu. Mwenye Altezza anayeihitaji namwachia kwa nusu bei, ila apime waya kwanza.