Mgongo wa graniti: kamba moja au mbili?

Mkipanda mgongo wa mlima wa mwamba wa graniti mkiwa wawili, na njia ya kushukia ni ya kutembea, kamba moja ya milimita 9.5 yenye mita 60 inatosha. Ina uzito wa karibu kilo 3.6 na ni rahisi kuifupisha: kila mmoja hujizungushia kifuani, hufunga fundo ili mizunguko isimkabe, kisha kati yenu hubaki mita 10 hadi 15 za kupitisha kushoto na kulia kwa vichomozo vya mwamba. Ila mkilazimika kushuka kwa kuning'inia kwenye kamba, hukunjwa katikati ili muivute baadaye, hivyo inawashusha mita 30 tu.

Kamba mbili za milimita 8 hukaribia kilo 5, lakini zikiunganishwa mnashuka mita 60 kwa mkupuo mmoja. Kwa watu watatu sioni mjadala: wawili wa nyuma hupanda kila mmoja na kamba yake. Adui ni fundo la kuunganishia, kwani nyufa za graniti hulinasa mnapovuta. Acheni mikia (ncha zinazobaki nje ya fundo) ya sentimita 30 au zaidi, kumbukeni kamba ya kuvuta ni ipi, na atakayetangulia chini aijaribu kabla wa mwisho hajashuka. Mawingu yakijikusanya mapema, huenda mkalazimika kushuka haraka: bebeni mbili.