Kilobaiti 40 juu ya televisheni ya chogo: uzoefu wangu na gemu ya Micro Mages

Mashine ya gemu niliikuta sokoni Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kwenye turubai la mzee anayeuza rimoti, chaja na pasi zilizokwisha kufa. Plastiki yake iliwahi kuwa nyeupe, sasa ina rangi ya chai ya maziwa, na waya wa pedi ya pili umefungwa selotepu. Kwa waliokulia Mwanza miaka ya tisini sina haja ya kueleza sana: ndiyo ile tuliyoiita Nintendo, ingawa haikutoka kwa kampuni ya Nintendo. Ni mwigo wa Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na inakula kaseti za miguu 60, zile ambazo juu zimeandikwa gemu elfu kadhaa na ndani unakuta sita zinazojirudia kwa majina tofauti. Nikampa mzee shilingi 15,000, akanifungia kwa kamba ya katani, nikapanda daladala.

Nilikuwa naitafuta kwa miezi kadhaa kwa ajili ya gemu moja mpya. Na nikisema mpya namaanisha mpya: Micro Mages imetoka 2019, miaka 36 baada ya Famicom, na imeandikwa iendeshwe na mashine hiyo hiyo. Nintendo yenyewe iliacha kuitengeneza Famicom mwaka 2003. Walioiandika gemu ni Morphcat Games, kikundi kidogo cha Ujerumani, na fedha walichangiwa na mashabiki mwaka 2018. Watu wa namna hii wako wengi duniani. Wanarudi jioni kutoka kazini, wanakula, wanakaa chini kuandika gemu za mashine ambazo viwanda vilishazisahau. Mimi ni mmoja wao, wa ngazi ya chini kabisa, kwa hiyo anayesoma ajue mapema kwamba anasoma maneno ya mtu anayezipenda gemu hizi kwa moyo wote.

Kwanza ukubwa wake, maana mpaka leo sijauzoea. Gemu nzima, picha, muziki na hatua zote 26, ni kilobaiti 40. Picha moja ya jiwe la Bismarck niliyoipiga kwa simu juzi ina megabaiti 3. Ndani yake ungepanga Micro Mages 75. Kilobaiti 32 ni za programu na 8 ni za picha, kipimo kile kile cha Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Ukiicheza unaanza kuona walivyobana. Mashine hii haiwezi kuonyesha vipande zaidi ya 8 vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa kioo. Vikizidi vinapepesa au vinapotea. Gemu inaruhusu wachezaji hadi wanne. Kila mchawi angekuwa na upana wa vipande viwili, wanne wakisimama sambamba wangemaliza nafasi zote, adui asipate pa kutokea. Basi kila mchawi amechorwa kwa kipande kimoja tu, nukta 8 kwa 8, na bado ukimwona unamjua. Kuta za mnara nazo, zitazame kwa utulivu: upande wa kulia ni upande wa kushoto uliogeuzwa, ili wahifadhi nusu tu ya ramani, na mahali pengine wameusogeza mstari kidogo jicho lisishtuke. Aliyelelewa katika chumba na sebule, watoto sita, anaujua ufundi wa kukipa kila kitu kazi mbili.

Faili lenyewe nililinunua kwa kadi ya kidijitali ya kwenye simu. Kulicheza kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja, na nililicheza, likaenda vizuri. Ila lengo langu lilikuwa kaseti. Na kwa gemu ya ukubwa huu kaseti inawezekana hata kwa sisi tusio na kiwanda, kwa sababu haihitaji chipu yoyote ya ziada. Chipu mbili za kumbukumbu zinatosha: 27C256 yenye kilobaiti 32 kwa programu, na 27C64 yenye kilobaiti 8 kwa picha.

Hapo ndipo nilipopata maumivu. Niliagiza chipu nne za kila aina kwa muuzaji mmoja wa nje aliyeandika kwamba ni mpya, hazijaguswa. Zilipofika nilizitia kwenye mashine yangu ndogo ya kuchomea, yaani ya kuandika data kwenye chipu, nikazisoma. Tano kati ya nane zilikuwa na data ya mtu mwingine. Miguu ilishanyooshwa, na ukiipeleka karibu na taa unaona risasi ya zamani ya kulehemu imeganda kwenye mabega yake. Zilikuwa zimeng'olewa kwenye vifaa vilivyotupwa, zikasafishwa, zikauzwa kwa bei ya mpya. Ujumbe niliomwandikia haukujibiwa.

Chipu hizi zina kidirisha mgongoni. Mwanga wa urujuanimno ukipita humo kwa muda wa kutosha, data inafutika. Taa ya kazi hiyo sina, na kuiagiza ingenigharimu kuliko mashine na kaseti kwa pamoja. Lakini karatasi za watengenezaji zinasema wazi kwamba jua la moja kwa moja nalo hufuta, kwa muda wa kama wiki moja. Basi nani ana jua kutuzidi sisi, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na mji wetu uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari? Nilizichomeka kwenye sponji niliyoivisha karatasi ya alumini, nikaziweka juu ya mwamba nyuma ya nyumba hapa Mabatini, vidirisha vikitazama juu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mkijaribu, msiziache ndani dirishani. Kioo cha kawaida kinauzuia mwanga unaotakiwa. Mama mwenye nyumba, ambaye huanika dagaa wake papo hapo pembeni, akawa anaziingiza ndani pamoja na dagaa mawingu yakitanda kutoka ziwani nami niko kazini. Siku ya tisa nikazisoma tena. FF, FF, FF, kutoka mwanzo hadi mwisho, ambayo ndiyo alama ya chipu tupu. Moja tu, ya kilobaiti 32, ilikataa.

Nikachoma zile nzuri, nikaziba vidirisha kwa kipande cha stika nyeusi ili jua lililozifuta lisije likazifuta tena.

Kulehemu nilimpelekea fundi redio wa Kirumba, mzee anayetengeneza redio na taa za wavuvi karibu na mwalo.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka, mwanangu. Leo umeniletea nini?"

Nilimwagia kaseti nane za zamani mezani, tutafute bodi ya kuwekea chipu zangu. Alizifungua moja moja. Saba ndani zilikuwa na tone jeusi la gundi lililofunika chipu, hizo hazina cha kung'oa. Ya nane, ya manjano, haina hata lebo, ilikuwa na chipu mbili za kweli zenye miguu 28 kila moja. Akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akaniuliza: "Hizi zako zikifa, utazitoaje?" Sikuwa na jibu. Akaenda kwenye kopo lake akatoa soketi mbili, akalehemu soketi mahali pa chipu, ili mimi nichomeke na kuchomoa nitakavyo. Baadhi ya miguu ya chipu zangu haikufuatana na njia za bodi, ikabidi aikunje nje na kuivutia waya mwembamba. Aliifanya kazi hiyo kwa miwani iliyofungwa uzi, mkono hautikisiki. Shilingi 8,000. Namtaja kwa sababu bila yeye tathmini hii isingekuwepo, na wazee wenye mikono ya namna hiyo Mwanza bado wapo, wanahitaji tu tuwapelekee kazi.

Jioni nikaichomeka. Televisheni ni ya chogo, inchi 14. Jina la gemu likatokea, moyo ukaruka, kisha nilipoanza kupanda mnara picha ikavurugika: kipande cha chini kikatokea tena juu, kuta zikakaa mahali pasipo pake. Nikakaa nayo hadi usiku wa manane. Tatizo lilikuwa tone moja la risasi. Kwenye bodi ya kaseti kuna vituo viwili, H na V, na risasi huunganisha kimoja kuiambia mashine kama kumbukumbu ya picha ijirudie kwa mlalo au kwa wima. Gemu iliyokuwemo zamani ilitaka kimoja, hii inataka kingine. Nikalifyonza tone, nikaliweka upande wa pili, nikawasha. Mnara ukasimama wima.

Uchezaji sasa. Wewe ni mchawi mdogo unayepanda mnara. Unaruka, unarusha moto, na ukigusa ukuta unaweza kuusukuma kwa mguu ukaruka tena kwenda ng'ambo. Kioo kinapanda nawe na hakirudi nyuma, ukidondoka chini yake umekufa. Ni hayo tu, na yanatosha kwa wiki nzima. Ninachokipenda zaidi ni jinsi pedi inavyotii. Kwenye mashine halisi na televisheni ya chogo hakuna kitu katikati ya kidole na kioo. Unabonyeza na mchawi ameshaondoka ardhini. Simu yangu haijawahi kunipa hisia hiyo.

Mpwa wangu wa miaka 12 alikuja kutoka Sengerema likizo. Siku ya kwanza alicheza nusu saa kimya, kisha akaniuliza: "Mjomba, mbona hii haileti matangazo?" Nikamwambia haina. Akasubiri bado, kwa mashaka, kama anayeamini yatakuja tu. Siku ya pili tukawa tunapanda wawili, yeye mbele, mimi nikihangaika chini na pedi ya selotepu, na tulipomfikia bosi wa kwanza, yule adui mkubwa, akasimama wima juu ya mkeka. Mashine yangu ina tundu mbili tu za pedi, kwa hiyo wanne hatujajaribu.

Kuna mambo ya kuyajua kabla. Wachawi ni wadogo kweli. Kwenye inchi 14 kaa karibu, kwenye kochi la mbali utapoteza. Muziki nao kwenye mashine za mwigo unaweza kukushangaza. Mashine zetu nyingi zina kasoro ya zamani: aina mbili za mawimbi ya sauti zimebadilishana nafasi, hivyo sauti iliyotakiwa iwe nyembamba inatoka yenye uvungu, na kinyume chake. Niliusikia wazi nilipolinganisha na kompyuta. Gemu za zamani zilizoandikwa kwa picha 60 kwa sekunde nazo huenda pole pole kwenye mashine zetu za 50, pungufu kwa moja ya sita. Kumbe Mario tuliyemzoea utotoni alikuwa mzito namna ile.

Jirani mwenye kibanda cha gemu aliisikia habari akaja kuomba nakala kumi za kaseti. Nilimkatalia, na nilimweleza kwa nini. Nimenunua nakala moja nikajichomea moja. Walioiandika ni watu wachache, na pesa ya faili ndiyo inayowafanya waandike nyingine. Nikampa maelezo ya kununua faili lake na nikamwahidi kumchomea bure akishalinunua. Bado hajarudi, lakini ahadi ipo.

Anayetaka kuendelea mbele ya hii, Battle Kid ya 2010 ni ngumu mno, Lizard ya 2018 ni tulivu na ya kupotelea humo. Wenye Mega Drive, mashine ya Sega, watafute Tanglewood ya 2018 na Xeno Crisis ya 2019. Zote zinahitaji kaseti za aina nyingine, sitadanganya kwamba kazi ni rahisi kama hii.

Mimi jioni siku hizi naandika. Natumia lugha ya C na programu ya bure iitwayo cc65 inayoigeuza kuwa lugha ya mashine. Gemu yangu ni ya dagaa: usiku wa giza, mwezi haupo, mtumbwi na taa, na dagaa wanaufuata mwanga. Weusi wa ziwa haunigharimu kitu, ni rangi ya nyuma tu. Mtumbwi ni vipande viwili, kila kimoja baiti 16, rangi tatu na uwazi. Rangi ya tatu nimeitumia kwa taa, na nimebadilisha nukta mbili za ncha ya mtumbwi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mpaka mpwa wangu aliposema sasa ni mtumbwi, siyo kiatu. Anataka sangara atokee chini na kuvuta wavu. Nina nafasi ya kipande kimoja cha sangara, labda viwili.

Ile chipu iliyokataa kufutika nimeirudisha juu ya mwamba leo asubuhi, karibu na dagaa wa mama mwenye nyumba. Ikikubali, mtumbwi utakaa humo.