UNI-T UT210E: klampu ya kumsaka mnyonyaji wa betri kwenye gari la zamani

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Luthuli Avenue, Nairobi, ukaomba klampu, yaani mita yenye taya zinazobana waya na kupima umeme bila kuukata, ili umsake mnyonyaji anayemaliza betri gari likiwa limezimwa, ya kwanza kuwekwa mezani mara nyingi ni ile ya fundi wa stima, DT266 na ndugu zake. Ni mita nzuri kwa kazi yake. Lakini ukiibana kwenye waya wa betri ya gari itasoma sufuri hata taa zote zikiwaka, kwa sababu taya zake huhisi umeme wa AC (unaobadili mwelekeo, kama wa nyumbani) peke yake, na betri ni DC (unaokwenda upande mmoja). Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, angalia ile swichi ya kuzungusha: karibu na herufi A lazima pawe na mstari mnyoofu wenye vistari chini yake, si wimbi peke yake. Katika ukoo wa UT210 wa kampuni ya UNI-T, zile za A, B na C hazifai kwa gari. D husoma DC, ila tarakimu yake ya mwisho ni miliampea 10. E ndiyo yenye kipimo cha ampea 2 kinachohesabu miliampea moja moja, na hapo ndipo pesa yako inapokwenda.

Miliampea moja moja zina maana. Gari la zamani lenye saa na kumbukumbu ya redio, likizimwa, linapaswa kuvuta chini ya miliampea 50. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya NS60 yenye takriban ampea-saa 45 huivumilia kwa wiki kadhaa. Kitu kikivuta miliampea 300, siku tatu zinatosha kumaliza karibu nusu ya betri. Balbu ya wati 5 ya buti isiyozima huvuta kama miliampea 400. Ndiyo maana gari linaloachwa kwenye ploti Jumatatu, mwenyewe akipanda matatu wiki nzima, haliwaki Jumamosi, na betri mpya haiponyi chochote.

Kupima kwenyewe ni kwepesi. Chaji betri ijae, volti 12.6 ikiwa imetulia. Toa ufunguo, fungua boneti, na mlango ukibaki wazi, bana kwa selotepu kile kidude cha swichi kilicho kwenye nguzo ya mlango ili taa ya ndani izime. Toyota Corolla 110 inahitaji dakika chache tu. Magari ya baadaye yenye kompyuta nyingi huchukua dakika 20 hadi 30 kulala, na ukipima mapema utamsingizia mtu asiye na hatia.

Kasoro kubwa ya UT210E iko hapa: kihisi chake husoma hata usumaku wa dunia. Ukiigeuza tu mkononi, taya zikiwa tupu, namba hupanda na kushuka. Dawa ni kuipeleka pale pale utakapopima, ielekee vilevile, taya zimefungwa, halafu ubonyeze ZERO, kisha ndipo ubane waya. Ukishasoma, itoe waya uone kama inarudi sufuri. Ikibaki na 15, ile 60 uliyoisoma ni 45. Rudia mara tatu kabla ya kuamini.

Kosa jingine ni la waya. Kwenye kichwa cha hasi cha magari mengi ya Kijapani kuna nyaya mbili, nene inayokwenda kwenye injini na nyembamba inayofungwa kwenye bodi. Zote mbili lazima ziingie ndani ya taya. Ukibana ile nene peke yake utaona namba ndogo ya kupendeza, kumbe umeme unapita kwenye nyembamba. Taya hufunguka milimita 17 tu, kwa hiyo nyaya zikiwa nene kupita hapo, bana mmoja mmoja kisha ujumlishe.

Mnyonyo mdogo ukikusumbua kuusoma, chomoa hasi, unganisha kati ya kichwa na waya kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10, ukizungushe mara tano ndani ya taya. Miliampea 30 zitasomeka 150. Gawanya kwa tano. Usiguse stata kikiwa hapo.

Klampu inakuambia kiasi. Kujua umeme unapita wapi, chukua ile multimita ndogo ya njano, DT830D, inayouzwa chini ya shilingi elfu moja. Watu huiharibu kwa kuiweka katikati ya waya wa betri. Tundu lake la miliampea linaishia 200, na taa ya ndani ya wati 10 huvuta zaidi ya 800, kwa hiyo fyuzi ya mita hukatika mara mlango unapofunguliwa. Tundu la 10A mara nyingi halina fyuzi kabisa. Mtu akiwasha gari, au akisahau waya humo kisha apime volti, nyaya za mita huyeyuka. Tena kuchomoa betri kunaweza kuiachilia rilei (swichi inayovutwa kwa umeme) iliyonata, ukakuta hitilafu imejificha.

Badala yake, iweke kwenye DC 200m, yaani milivolti 200, ugusishe ncha zake kwenye vile vinukta viwili vya chuma juu ya kila fyuzi bila kuichomoa. Fyuzi isiyopitisha kitu husoma 0.0. Kwenye fyuzi nyekundu ya 10, milivolti 1 ni takriban miliampea 130; kwenye ya njano ya 20, ni kama 300. Huamshi kompyuta yoyote, na sanduku zima humalizika kwa dakika kumi. Kwa kazi hii ya kutafuta, mita hii ya bei rahisi haishindwi na ya bei ghali.

Fyuzi zote zikisoma sufuri na klampu bado inaonyesha 250, mkosaji amechukua umeme kabla ya fyuzi. Anza na nyaya nyembamba zilizofungwa juu ya kichwa cha betri, ubane mmoja mmoja: alamu, katauti (swichi ya siri ya kuzuia wizi), traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo). Gari lililopita mikononi mwa wamiliki watatu laweza kuwa na traka mbili, moja imesahauliwa nyuma ya dashibodi. Rilei ya katauti iliyofungwa vibaya, ikabaki imevutwa gari likizimwa, hula kama miliampea 150 peke yake. Redio nayo ina waya wa njano wa kumbukumbu na mwekundu wa ufunguo. Fundi akiunganisha yote kwenye njano, redio hailali. Kisha bana waya mnene wa nyuma ya altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Injini ikiwa imezima inapaswa kuwa karibu na sufuri. Ikisoma 200 na zaidi, dayodi ya altaneta, inayopaswa kuzuia umeme usirudi nyuma, inavuja, hata kama chaji yake ni volti 14.2 safi.

UT210E hujizima yenyewe ikiachwa na haiweki rekodi, kwa hiyo mnyonyaji anayekuja usiku na kuondoka hataonekana kirahisi. Kwa huyo, chomoa hasi usiku mmoja: betri ikishuka kutoka 12.6 hadi 12.2 bila kuunganishwa na kitu, mgonjwa ni betri yenyewe.

Dukani, kabla ya kulipa, omba betri ya volti 12 na balbu ya wati 5. Bonyeza ZERO, bana waya mmoja tu wa balbu, isome karibu na 0.4. Kisha fungua na kufunga taya tupu mara tano ukiwa umeishika mahali pamoja. Ikirudi kila mara ndani ya miliampea chache, ichukue; ikiruka makumi, omba nyingine kutoka kwenye boksi.