Spika za laki na themanini, twita ya urembo

Hasira hizi nimekaa nazo wiki kadhaa nikisubiri zipoe ndipo niandike. Hazijapoa.

Nilienda Kariakoo siku chache baada ya Idi kumtafutia baba spika mbili za kuunga kwenye amplifaya yake ya zamani, maana zile za mwanzo karatasi zilishachanika. Mzee ni mtu wa zilipendwa, na anachosikiliza ni magitaa: solo linajibu nini, rizimu limekaa wapi, besi inaingia saa ngapi. Nikapata jozi kwa Sh 180,000. Boksi jeusi linalong'aa, spika kubwa chini, juu yake twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ya rangi ya fedha. Kwenye katoni wameandika wati 3,000 PMPO. Wakanipigia singeli pale dukani, kifua kikatetemeka, nikalipa.

Nyumbani baba alisikiliza wimbo mmoja hadi mwisho, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona sahani za dramu sizisikii?" Nikainama, nikategesha sikio kwenye twita. Kimya. Nikaigusa kwa kidole, haitetemeki hata kidogo. Ya pili vilevile.

Nikazibeba nikarudi nazo. Yule kijana aliyeniuzia hata hakuinua macho kwenye simu. "Dada, soma risiti. Mali ikishauzwa hairudi." Nikamwomba aziunge tu tusikilize wote. Akawageukia wenzake, wateja wamejaa, akasema, "Huyu kanunua spika za laki na themanini anataka muziki wa studio." Wakacheka. Hiyo laki na themanini niliidunduliza miezi minne! Angesema tu "pole dada, zimeharibika", ningeondoka na moyo mweupe.

Fundi wa mtaani kwetu akafungua skrubu. Nyuma ya ile twita hakuna sumaku, hakuna koili, hakuna waya unaofika pale. Ni kipande cha plastiki kilichopakwa rangi na kubandikwa kwa gundi. Kwa hiyo haikuungua, haikuwahi kuwepo. Kuna mtu alikaa akakitengeneza makusudi ili jicho langu lidanganyike. Fundi akanionyesha na mgongo wa amplifaya ya baba, imeandikwa inakula wati 120. "Hizo 3,000 zitatoka wapi?" PMPO, akasema, ni namba ya kuuzia, ya kuulizia ni RMS, yaani wati ambazo spika inazibeba muda wote ikipiga.

Ila haki yake niitoe. Spika ya chini ni nzuri kweli. Sumaku nzito, karatasi imara, sauti za waimbaji zinatoka safi. Fundi akaweka twita za kweli, Sh 15,000 kila moja, na kila moja na kapasita yake ya kuzuia besi isiiunguze. Jioni ile baba alikaa barazani, mlango wazi, kidole kinafuata solo hewani. Sahani zilipoingia akasema, "Hizo hapo." Nikataka niandike kwamba nunueni tu, mwongezee twita, kwa hela hiyo muziki wa namna hii haupatikani.

Lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana. Msinunue. Na kama mfuko unakulazimisha, usikubali kupigiwa singeli. Mwambie aweke taarabu yenye fidla, sauti ya chini, halafu weka sikio kwenye twita, moja baada ya nyingine, bila kuona aibu, hata foleni ikiwa nyuma yako. Muuzaji akianza kununa, ondoka na hela yako.

Vile viplastiki viwili ninavyo kwenye mkoba. Siku nikipita tena Kariakoo navipeleka, nitamwekea juu ya kaunta, wateja wakiwa wamejaa vilevile.